Kwa tanga hadi Chula: Siri ya bandari mbili za kila kisiwa

BABA alifariki Mombasa mwaka 2009 bila kukiona tena kisiwa chake. Hakutuachia shamba wala nyumba. Alituachia maneno machache ambayo mimi na ndugu zangu tuliyahifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura fupi:

“Koyama, ncha ya chini. Ngumi, usilale. Chovai, mbele ya mji. Chula, kusini. Burikavo, ngojea maji yajae. Kiamboni, pita usitie nanga. Kiunga, mshukuru Mungu.”

Alikuwa akiyasema jioni katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu, nasi tukiitikia. Tulikuwa tumetoka Kismayu mapema mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka, tukiwa tumebanana ndani ya mashua na jamaa wengine. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa. Ninachokumbuka ni kiu, giza na mkono wa mama uliokuwa ukinifunika kichwa. Kambi ya Jomvu ilipofungwa mwaka 1997, baadhi ya Wabajuni walirudishwa visiwani. Sisi tulibaki Mombasa, na maneno ya baba tukabaki nayo.

Mdogo wangu wa mwisho, aliyezaliwa kambini humo mwaka 1994, aliyachukua maneno hayo hadi Ulaya. Mwaka 2016 aliomba hifadhi katika nchi moja huko. Afisa aliyemhoji alimuuliza: Vyombo hutia nanga upande gani wa kisiwa cha Chula? Mdogo wangu akajibu bila kusita: Kusini. Karatasi aliyokuwa nayo afisa ilisema kaskazini. Jibu hilo, pamoja na mengine, likaandikwa kuwa dalili kwamba kijana huyu hatoki visiwani. Ombi likakataliwa, na rufaa yake ikawa ni ya njoo kesho, njoo kesho kutwa.

Huenda msomaji akadhani haya ni mambo madogo. Si madogo. Kwa Mbajuni aliye ugenini bila cheti cha kuzaliwa, jina la bandari ndilo kitambulisho. Nchini Uingereza, kwa mfano, baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi mwaka 2004 uliohusu Wabajuni hasa, na iwapo mtu anayedai kuwa mmoja wao hutarajiwa kuweza kusema Kibajuni. Wengi wamewahi kuulizwa visiwa vimepangana vipi, samaki gani huvuliwa wapi, na mtu hupitia wapi kufika Kismayu.

Ndipo Januari 2023 nikafunga safari. Nilitaka kujua ni nani aliyekosea: baba au karatasi.

Kung’oa nanga Kismayu

Kismayu ya leo si ile niliyoiacha. Gati lingali pale lilipojengwa kwa msaada wa Marekani katika miaka ya 1960, na njia ya mawe ingali imekiunganisha kile kilichokuwa kisiwa na bara. Mji umepita mikononi mwa wengi. Mnamo Agosti 2008 ulitekwa na Al-Shabaab, na kundi hilo likaondoka majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali yalipoingia mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2012. Wachuuzi wa zamani watakumbuka pia milima ya makaa iliyokuwa imerundikwa hapo baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupiga marufuku biashara hiyo Februari mwaka uo huo.

Nilipata nafasi katika mashua ya futi 30 hivi, yenye tanga moja na mashine ndogo ya kusaidia. Shehena ilikuwa unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, vitu vya kwenda kuuzwa visiwani. Chombo kingerudi na samaki wakavu. Tulikuwa wanne: nahodha, mzee aliyepita miaka 70, mabaharia wawili vijana, na mimi niliyepewa kazi ya kukumba maji.

“Umezaliwa wapi, mwanangu?” nahodha aliniuliza nikiwa bado sijaketi.

“Kismayu, mzee. Lakini baba ni mtu wa Chula.”

“Basi umezaliwa Chula,” akasema, na kuwaamuru vijana watweke tanga.

Ruhusa ya kutoka ilikuwa imechukuliwa jana yake. Tulitoka alfajiri, kaskazi ikiwa bado ni upepo wa kupepea chai. Jua lilipopanda, upepo nao ukapanda. Tanga likajaa, foromali ikalia kidogo, na mashua ikaanza kwenda yenyewe bila mashine. Aliyewahi kusafiri kwa tanga anaijua saa hiyo. Kelele zote hukoma, ukabaki mlio wa maji yakikatwa na omo.

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kuelekea kusini-magharibi sambamba na pwani, kimoja baada ya kingine, kama shanga zilizokatika uzi. Ni visiwa vya matumbawe, vifupi kwa kimo, na kati yao na bara kuna njia ya maji iliyohifadhika. Nje ya visiwa ni bahari kuu, yenye mawimbi marefu yaliyotoka mbali. Ndani, maji ni ya rangi ya kijani kibichi, mepesi kiasi kwamba unauona mchanga chini na kivuli cha chombo chako kikikufuata. Pomboo walitusindikiza kwa muda, kisha wakatuacha. Membe walizunguka juu ya mafungu ya mchanga yaliyokuwa yakianza kuchomoza.

Ukiyatazama maji hayo utashangaa kwamba yamekatwa mara nyingi kwenye ramani. Pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha Waingereza. Mwaka 1925 Waingereza wakaikabidhi Italia Jubaland, na Wabajuni wakajikuta wamegawanywa: wa Kiunga na Faza upande mmoja, wa Chula na Kismayu upande wa pili. Watu walioana, waliuziana na kuzikana bila kuuliza mpaka uko wapi.

Koyama: Somo la kwanza

Koyama iko kilomita zipatazo 40 kutoka Kismayu. Tulifika baada ya adhuhuri. Nilidhani tungetia nanga mara tu tulipokifikia kisiwa, kwani ncha ya juu, yaani ya kaskazini, ndiyo tuliyoanza kuiona. Nahodha hakuitazama hata mara moja. Aliambaa na kisiwa kwa upande wa bara hadi karibu na ncha ya chini, akaamuru tanga litue, na nanga ikazama katika maji yaliyotulia kama ya mtungini.

Nikamwambia, “Baba naye alisema hivyo hivyo. Koyama, ncha ya chini.”

“Baba yako alisema wakati gani?”

Sikuelewa swali. Akanieleza huku akimenya chungwa.

“Leo upepo ni kaskazi. Ukitia nanga ncha ya juu, utalala ukikumba maji hadi asubuhi. Kusi likija, mambo hugeuka. Ncha ya juu huwa kitanda, na hii tuliyopo huwa kaburi. Kila kisiwa kina bandari mbili, mwanangu. Bandari ya kusi iko kaskazini, na bandari ya kaskazi iko kusini. Asiyejua hilo, hata akivitaja visiwa vyote, bado hajavijua.”

Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa nimelala juu ya magunia ya unga, nyota zikiwa chini kama taa za mtaa, na mashua ikitikisika kidogo tu. Nilikuwa nikimfikiria mdogo wangu mbele ya meza ya afisa. Alisema kusini. Karatasi ilisema kaskazini. Yamkini wote wawili walikuwa sahihi, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe: Katika upepo gani?

Ngumi na Chovai

Siku ya pili tulipita Ngumi. Hakuna kijiji tena huko. Tulishuka kwa saa moja tu. Kuna kuta za mawe ya matumbawe zilizobaki kusimama, mizizi ikiwa imezishika kama mkono ulioshika kitabu. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliyeipima pwani hii mwaka 1968, aliandika kuhusu magofu yaliyotapakaa kutoka visiwani hadi Burikavo, ambayo Wasomali huiita Buur Gaabo na ambayo Waingereza waliiita Port Durnford. Magofu hayo yanaonyesha kwamba watu walijenga na kusali hapa kwa karne nyingi.

Nilimuuliza nahodha sababu ya baba kusema “Ngumi, usilale”. Kijana mmoja akadakia kwamba ni kwa ajili ya majini.

“Majini gani?” mzee akamkemea. “Hapa hakuna kisima cha kutegemea wala mtu wa kukuazima ndoo. Nanga ikiburura usiku, nani atakusikia?”

Chovai, ambayo zamani iliitwa pia Tovai, ina watu. Hapo ndipo nilipoanza kukisikia Kibajuni changu kikirudi. Mtoto alihesabu magunia yetu: “... mbili, chachu, nne, chano.” Kwa Mbajuni, tatu ni chachu na tano ni chano, na mtu ni mchu. Nilicheka peke yangu. Huko Mombasa niliwahi kuchekwa shuleni kwa maneno hayo, nikayaficha.

Jioni wazee walitukaribisha chai ya tangawizi na mikate ya mofa. Wakasimulia jinsi wazee wao walivyovua kasa kwa chaza. Msomaji asidhani ni yule chaza wa kombe. Kwa Kibajuni, chaza ni samaki anayeitwa taza kwingineko, yule mwenye kibandiko kichwani. Mvuvi alimfunga kamba mkiani, akamwachilia karibu na kasa, samaki akajibandika kwenye gamba, na mvuvi akavuta polepole. Siku hizi kasa wamepungua, na upande wa Kenya ni marufuku kuwavua. Lakini nilipoona vijana wakisikiliza kwa mdomo wazi, nilijua kwamba nao pia walikuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza.

Nilivyotukwamisha

Asubuhi ya siku ya tatu nilifanya kosa ambalo sina wa kumtupia. Ulikuwa msimu wa mwezi mpevu, siku za bamvua. Nahodha alitaka tungoje Chovai hadi alasiri. Mimi nilikuwa na haraka ya kuiona Chula. Kijana mmoja alikuwa na ramani kwenye simu yake, inayoonyesha maji matupu kutoka hapo tulipo hadi kule tuendako. Nikamsihi mzee, nikamwonyesha simu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Haya. Wewe ni mgeni wangu.”

Saa mbili na nusu tulisikia sauti ambayo hakuna msafiri anayeitaka: mkwaruzo chini ya mkuku, kisha kimya. Tulikuwa juu ya fungu, na maji yalikuwa yakiendelea kupwa. Tuliruka nje tukasukuma, tukashindwa. Ndani ya saa moja mashua ililala ubavu kama ng’ombe aliyechoka. Magunia mawili ya sukari yaliingia maji. Nililipa thamani yake baadaye, ingawa mzee hakunidai.

Hakuna aliyenilaumu. Nahodha aliketi kivulini mwa chombo chake mwenyewe, juu ya mchanga ambao saa chache kabla ulikuwa bahari, akanifundisha. Alinionyesha mlango, yaani njia ya maji marefu, uliokuwa hatua kama 200 kutoka tulipokwama. Sasa maji yalipokuwa yamepwa, ulionekana wazi kama barabara ya buluu iliyokatiza nyeupe.

“Simu yako inajua bahari iko wapi,” alisema. “Haijui bahari iko wapi saa hii.”

Baada ya saa saba mchana maji yalirudi, yakaiinua mashua bila haraka, nasi tukaingia mlangoni.

Chula: Somo la pili

Tuliifikia Chula jua likikaribia kutua. Ni mji uliobanana, nyumba zimesogeleana kama watu wanaopigana na baridi. Nahodha akapita mbele ya mji, akatia nanga kusini yake, nyuma ya kinga ya kisiwa. Mashua nyingine nne zilikuwa hapo tayari.

Mdogo wangu alikuwa amesema kweli.

Nilidhani safari yangu imekwisha. Lakini usiku, tukiwa tumeketi na wazee wawili waliomkumbuka babu yangu, nikayasema maneno ya baba yote, tangu Koyama hadi Kiunga. Nilitarajia wacheke au waitikie. Wakanyamaza. Mmoja aliniomba nirudie sehemu ya mwisho.

“Burikavo, ngojea maji yajae. Kiamboni, pita usitie nanga. Kiunga, mshukuru Mungu.”

“Huyu hakuwa akikufundisha bandari,” mzee akasema polepole. “Mvuvi hapiti Kiamboni. Mvuvi huingia Kiamboni, akapumzika, akauza. Anayepita bila kutia nanga ni mtu anayekimbia. Na hizi zote ni bandari za kaskazi. Baba yako alikuwa akikusimulia safari yenu.”

Nahodha akatikisa kichwa kukubali. Mwaka ule, watu wengi walitoka na upepo huo huo, kwa sababu ndio unaokwenda chini, kuelekea Kenya. Kila neno lilikuwa usiku mmoja au mchana mmoja wa maisha yetu. “Ngumi, usilale” ni usiku ambao hatukulala. “Mshukuru Mungu” ni asubuhi tuliyofika Kiunga tukiwa hai. Kwa miaka 17 baba alirudia safari hiyo mbele yetu kila jioni, nasi tukaitikia bila kujua tunaitikia nini. Bandari za kusi, zile za kurudi nyumbani, hakuwahi kutufundisha. Huenda hakuwa na moyo. Huenda alikuwa akingoja siku ya kurudi ili atuonyeshe kwa mkono.

Kabla ya kulala niliwaomba wazee wanitajie bandari za kusi, kutoka Kiunga kupanda hadi Kismayu. Walizitaja, wakibishana hapa na pale, nami nikaandika. Mmoja wao aliniambia kwamba hajaulizwa jambo hilo na kijana yeyote kwa muda mrefu, kwa sababu wenye mashine kubwa hupita nje moja kwa moja na hawahitaji pa kulala.

Kwa wanaorejea na wachuuzi

Kurudi Kismayu kulichukua siku tano, tukipiga bisha na kuwasha mashine alfajiri kabla kaskazi haijaamka. Katika siku hizo nilimdadisi nahodha kwa niaba ya wasomaji wa ukurasa huu wanaofikiria njia hii, iwe ni kwa kurejea au kwa biashara. Aliyoyasema ni haya.

Kwanza, jua msimu. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ni ya kushuka. Kusi ni la kupanda, lakini Juni na Julai bahari huchafuka na chombo kidogo hakina kazi nje. Demani, kusi linapopoa karibu na Agosti na Septemba, ndiyo saa ya mwenye shehena na watoto.

Pili, uliza mwezi kabla ya kuuliza nauli. Siku za bamvua maji hupwa sana kati ya asubuhi na adhuhuri, na milango mingi huwa haipitiki. Magunia yangu mawili ya sukari ni ushahidi.

Tatu, beba maji ya kunywa ya kutosha siku mbili zaidi ya unazotarajia. Visiwa hutegemea visima vyenye chumvi na maji ya mvua, na si adabu kufika na kiu kwa mtu mwenye kiu.

Nne, karatasi na usalama. Chukua ruhusa bandarini, waarifu wazee wa kisiwa kabla hujafika, na usishuke bara katikati ya safari kwa sababu tu pwani inaonekana kimya. Bara ya nyuma ya visiwa imekuwa na mapigano kwa miaka mingi, na hata Ras Kamboni, ambayo sisi twaiita Kiamboni, ilishuhudia vita kati ya vikosi vya serikali kuu ya Somalia na vya Jubaland mnamo Desemba 2024. Kuhusu mpaka wa baharini, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa uamuzi wake tarehe 12 Oktoba 2021, na Kenya ikatangaza kuwa haiukubali. Mchuuzi anayevuka huko asitegemee hadithi za sokoni. Aulize maafisa wa pande zote mbili kabla ya kupakia.

Na la tano, ambalo ni langu: waulizeni wazee mapema. Waulizeni majina ya bandari, na kwa kila jina ulizeni upepo wake.

Nilipopata mtandao Kismayu, nilimwandikia mdogo wangu. Nilimweleza kwamba jibu lake la mwaka 2016 lilikuwa sahihi, na kwamba lile la kwenye karatasi pia lilikuwa sahihi, kila moja kwa msimu wake. Nikamtumia orodha ya bandari za kusi pamoja na maelezo ya wazee, ampelekee wakili wake. Kama itamsaidia, sijui. Alinijibu usiku wa manane kwa swali moja tu: “Kaka, hizi za kusi zinasemwaje kwa mpangilio, nami niwafundishe wanangu?”

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nilimpigia simu, nikaanza: “Kiunga, toka na demani...”